Tulivyotafuta Mahali pa Kulia Bagamoyo

Katika mwezi wa Desemba mwaka 2022, shule zilipokuwa zimefungwa, nalifunga safari kutoka Morogoro kwenda Bagamoyo, pamoja na mama yangu mzazi, mke wangu na watoto wetu 3. Nauli nalikuwa nimeiweka akiba tangu mwezi wa Agosti. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa safi, yenye vyandarua vizima, ila haikupika chakula isipokuwa chai ya asubuhi. Juu ya chakula sikufikiri hata kidogo. Nalisema moyoni, Mji una watu, na watu hula. Sisi nasi tutakula.

Lakini kumlisha mtu mmoja safarini si sawa na kulisha watu 6. Mama yangu amepita miaka 70, na meno yaliyomsalia hayawezi nyama ngumu. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miaka 12, hula kila kitu, hata asichopewa. Wa pili hagusi chakula chenye pilipili. Kitinda mimba, msichana wa miaka 3, husinzia mara jua likitua, hata chakula kikikawia humkuta amekwisha kulala. Tena sisi ni watu wa bara, na samaki wa baharini twalimjua zaidi akiwa ng'onda.

Bagamoyo ni mji mdogo, lakini una mambo mengi. Hapo ndipo zilipokoma njia za misafara iliyotoka Tabora na Ujiji, wapagazi wakichukua pembe za ndovu mabegani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni yao hapo mwaka 1868, na mwezi wa Februari mwaka 1874 Chuma na Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Dk. Livingstone, kabla ya kuvushwa Unguja. Wadachi nao walikaa hapo na serikali yao mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mambo hayo nalikuwa nimewasimulia watoto njia nzima. Hata tulipofika, saa nane za mchana, hapana aliyetaka kusikia habari za Livingstone; wote walitaka kula.

Basi nikaona nyumba moja ya chakula, penye kibao kikubwa kilichopakwa rangi, na meza zenye vitambaa vyeupe. Mama akasimama mlangoni akachungulia, akaniambia, "Mwanangu, mbona hamna watu wanaokula?"

Nikamjibu, "Mama, saa ya kula imepita. Tena kimya hiki ni kizuri kwa watoto."

Hayo nalisema kwa kinywa. Moyoni nalitaka watu wanione nimewaketisha jamaa zangu kwenye meza yenye kitambaa. Chakula kikaja upesi sana, nami nikafurahi. Mimi na mke wangu tulikula viazi na samaki. Watoto waliletewa wali na kuku. Mama akautia wali vidole, akasema kwa sauti ndogo, "Pembeni una moto, katikati ni baridi." Akala ndizi moja tu. Mimi nikakasirika, nikamwambia kwamba sahani moja ni shilingi 12,000. Akanyamaza. Yule mdogo akala wali wake, akamaliza na wa bibi yake.

Saa mbili za usiku mtoto akaanza kutapika. Akatapika mara 4, kisha tumbo likamwendesha, na yule mvulana naye akalalamika tumbo, ingawa si sana. Mke wangu hakupoteza wakati. Alichukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia vijiko vya chai 6 vya sukari, visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chumvi, akakoroga, akamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, humngoja kama dakika 10, kisha humpa tena. Ninyi mnaosoma, vipimo hivyo vishikeni kama mlivyoshika hesabu za kuzidisha, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mimi usiku ule nalishika taa tu, maana sikuwa na kazi nyingine.

Kulipopambazuka tulimpeleka hospitali. Tabibu alimfinya ngozi ya tumbo aone kama inarudi upesi, akamtazama macho kama yameingia ndani, na ulimi kama umekauka, akauliza kama analia machozi. Akasema, "Maji hayajampungua sana, mama yake amefanya vema." Akatupa pakiti za dawa ya chumvi na sukari, na vidonge vya zinki vya siku 10. Kisha akauliza alikula nini. Niliposema wali, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba huenda ndiyo sababu, kwa kuwa katika mchele mna vijidudu vyenye mbegu zisizokufa hata wali ukichemka. Wali ukiachwa nje katika joto kama lile la pwani, mbegu huamka, vijidudu huongezeka na kutoa sumu. Na sumu hiyo haiondoki kwa kuupasha wali moto tena. Mimi nalikuwa nikiamini siku zote kwamba moto husafisha kila kitu.

Nalirudi kwenye nyumba ile kumweleza mwenyewe. Alinijibu kwa upole kwamba watoto wa bara huugua kwa kubadili maji. Yawezekana. Lakini maji tuliyokunywa sote yalikuwa ya chupa moja, na mama yangu, asiyekula wali, hakuumwa na kitu.

Jioni nikamwendea mama, nikasema, "Mama, nisamehe."

Akasema, "Usiniombe mimi, mwombe mtoto. Na kesho nitatafuta mimi."

Asubuhi yake akatoka saa nne, akamchukua mjukuu wake wa kwanza, nami nikafuata nyuma. Nikamwuliza kwa nini twende mapema hivyo, na chakula hakijawa tayari. Akaniambia kwamba chakula kilichokwisha pakuliwa hakisemi kilikotoka. Yeye anataka kumwona mpishi akiwa kazini. Mahali pa kwanza hakukaa, kwa kuwa sahani zote zilioshwa katika beseni moja, na maji yake yalikwisha kuwa kama mchuzi. Mahali pa pili palikuwa safi kabisa, lakini watu walikwisha kuanza pombe na ngoma za redio, saa nne ile! Akasema hapo mtoto hawezi kula wala kulala.

Tukashuka mpaka soko la samaki ufukoni. Ngalawa zilikuwa zimetia nanga, na mnada umepamba moto: changu, kibua, ngisi, na pweza aliyemtisha sana mvulana wetu. Mama akasimama kwa mvuvi mmoja, akabonyeza samaki kwa kidole aone kama nyama inarudi, akafunua matamvua aone kama ni mekundu. Mvuvi akacheka akamwambia, "Bibi, wewe si mgeni." Kisha akamwonya juu ya kibua na jodari, kwamba wakikaa juani hutoa sumu, na moto hauiondoi. Mama akanitazama, asiseme neno.

Karibu na hapo palikuwa na banda la makuti, na mama lishe mmoja mwenye majiko 3 ya makaa. Sufuria zake zilifunikwa. Penye mlango palikuwa na ndoo yenye bomba, na sabuni kando. Binti yake alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi mbele ya watu. Mabenchi yalikuwa mafupi, hata mtoto wa miaka 3 miguu yake ingefika chini. Jambo hilo mimi nisingalilitazama kamwe. Mama alipoitikia shikamoo yake, akamwuliza papo hapo, "Mwanangu, wali wa jana ulibaki?"

Mimi nikaona haya. Lakini yule mama hakuchukizwa. Akasema, "Ukibaki, Bibi, huwapa kuku. Nikiwauzia wavuvi wali wa jana, kesho hawaji."

Hapo ndipo tulipokula siku zote zilizosalia. Sahani ya wali wa nazi na changu ilikuwa shilingi 3,000. Pilipili iliwekwa mbali katika kibakuli, na mtoto wa pili akala bila vita. Mama alipikiwa samaki wa mchuzi, laini, ambaye hata ufizi humweza. Kwa mgonjwa wetu yule mama lishe alipika uji wa mchele, ingawa si biashara yake, akatutoza shilingi 500. Wavuvi walikuwa wakiingia na kutoka, wengine nguo zikiwa bado na maji ya chumvi, nao wakijibana ili bibi apate mahali pa kuegemea. Siku ya tatu msichana wetu aliomba mwenyewe samaki, na mke wangu akatoka nje kidogo kufuta macho.

Sisemi kwamba nyumba zote zenye vitambaa vyeupe ni mbaya. Tangu hapo nimekula katika nyingine nikalala salama. Wala si kila banda la makuti ni zuri, kama tulivyoona katika beseni lile.

Magofu ya Kaole twaliyaona kwa haraka, na mbuyu wa misheni pia, kwa kuwa siku 2 nzima zilikuwa zimekwenda na ugonjwa. Mvulana hakusikitika, alikuwa amejifunza kwa wavuvi kumpiga pweza juu ya jiwe ili alainike.

Siku ya kuondoka twalipita alfajiri kuaga. Mama lishe alikuwa amewasha jiko moja tu, akatufungia vitumbua 20 katika karatasi kwa ajili ya njiani, akakataa fedha. Mama akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha akauliza, "Mwanangu, vimetoka motoni saa ngapi?"

Mke wangu akainama kwa aibu. Yule mama lishe akacheka mpaka mwiko ukamwanguka, akasema, "Vishike, Bibi, uone mwenyewe." Mama akafungua karatasi akashika kimoja, mara akakiachia, akawa akipuliza vidole.