Maji ya Macho ya Askari

Kakuma ina upepo. Asiyewahi kufika hapa atasoma sentensi hiyo na kupita, lakini sisi tunaokaa huku tunajua: ule upepo wa Turkana unainua vumbi asubuhi na kuliingiza mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Mtu ana leso ya kupangusia macho. Mbwa hana. Anajikuna kwa ukucha, na ukucha wenyewe umetoka kufukua jalalani.

Mbwa wetu anaitwa Askari. Hatukumnunua. Alikuja mwenyewe, mdogo, mbavu nje, na akabaki kwa sababu usiku alijua pa kubwekea. Kabla yake tuliibiwa sufuria, taa ya sola, hata kandambili za watoto. Tangu awepo, sisi na majirani wa pande mbili tunalala. Kwa hiyo shemeji yangu akinicheka kwamba nimekuwa mzungu, napangusa mbwa macho kama mtoto mchanga, namwambia sawa, cheka, lakini ukilala usiku ujue nani anakulinda.

Kazi yenyewe si kubwa. Jioni moto wa ugali ukiwa bado uko, nachemsha nusu lita ya maji, natia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, naacha yapoe kabisa. Kitambaa nakata kwenye kitenge kilichochakaa, kile kilicholainika kwa kufuliwa, kisha nakianika juani. Jicho moja na kitambaa chake, jicho la pili na chake, maana ugonjwa ukiwa upande mmoja, kitambaa kimoja kitauhamishia wa pili. Kama tongo limekauka likashika manyoya, usilikwanyue. Weka kitambaa chenye maji juu yake, hesabu pole pole mpaka lilainike, ndipo upanguse kutoka pembe ya puani kwenda nje. Jicho lenyewe, ile mboni, halisuguliwi. Sabuni hapana, Dettol hapana kabisa. Askari namshika kwa nyuma, katikati ya magoti, kwa sababu ukimjia usoni anadhani unataka ugomvi. Nikimaliza nanawa mikono.

Wengine hapa kwenye bloku waliogopa kwamba macho ya mbwa yataletea watoto trakoma. Woga huo una asili yake, Turkana ni sehemu inayojulikana kwa ugonjwa huo, na wahudumu wa afya wametuimbia habari za nzi na nyuso chafu mpaka tumeshika. Lakini trakoma inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mbwa haileti. Nzi ndio wa kuchukiwa, na nzi wanafuata uchafu, uwe kwenye jicho la mtoto au la Askari. Ukisafisha yote mawili umewanyima chakula.

Muhimu kuliko kupangusa ni kuangalia. Katongo kadogo ka kahawia asubuhi ni kawaida. Usaha wa manjano au kijani, jicho jekundu, jicho moja analolifumba mchana kweupe, au wingu la bluu juu ya mboni, hayo si mambo ya kitambaa. Mara nyingi kwetu ni mwiba wa mathenge. Mti huo uliletwa kuzuia jangwa, na sasa unazuia hata njia za kwenda kuchota maji. Mbwa akimfukuza panya humo ndani anatoka na jicho limechanwa. Na kama macho yote mawili yanatoa usaha, pua nayo, anakohoa na hataki kula, mtenge na mbwa wengine. Huenda ni ile homa ya mbwa inayokingwa kwa chanjo tu.

Halafu kuna swila. Nyoka huyu hangoji kukanyagwa, anatema, na analenga macho. Jioni moja wakati wa ukame, nyuma ya choo, nikasikia Askari analia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anasugua uso mchangani, na huko ndiko kuharibu zaidi. Bomba la bloku halikuwa limetoa maji tangu jana yake. Ndani tulikuwa na bidoni moja ya lita 20, watu sita.

Sumu ya swila kwenye jicho dawa yake ya kwanza ni maji, mengi, papo hapo, robo saa nzima bila kuacha. Watu wanasema maziwa. Maziwa yanafaa kama huna maji, kwa sababu nayo yanasafisha, si kwamba yana siri. Sikuwa na maziwa. Nikainamisha bidoni.

Mamamkwe wangu alisimama mlangoni. "Muke wa mwana yangu, watoto watakunywa nini kesho? Imbwa ndiyo itakutekea maji?" Sikumjibu, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nilipofika nusu ya bidoni mikono yangu ndiyo ilisita, si yeye tena.

Jirani yetu, mama wa Kisomali, hagusi mbwa. Kwa mafundisho yao, chombo kilicholambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na siku zote nilimfunga Askari akipita. Jioni ile alituma mtoto wake na jagi, akasema juu ya ua: "Walaal, endelea. Kesho utarudisha." Kesho yake bomba lilitoa, nikarudisha, jagi likiwa limeoshwa.

Muuzaji mmoja wa dawa akanipa matone ya watu, yenye deksamethasoni. Sikuyatia. Dawa ya aina hiyo inazuia kidonda cha jicho kupona. Kijana anayetibu mbuzi akashauri mafuta ya tetrasaiklini, nikayapaka siku baada ya siku. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lina doa jeupe, na upande huo sasa anageuza kichwa chote kutazama.

Mwaka huu faili letu la kwenda nje limeanza kusogea. Tumeitwa mahojiano, tumepimwa vifua. Kwenye faili kuna majina sita. Hivyo kila jioni kijana wa jirani wa upande wa pili, wa miaka kumi na mmoja, anakuja nimfundishe. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu, haina haraka. Chumvi bado anazidisha, nimemwambia aonje kwanza: yakizidi ladha ya machozi, amwage aanze upya. Vitambaa amevichagua mwenyewe, chekundu cha kulia, cha bluu cha kushoto, asichanganye.