Paa la Gari Letu

Wiki jana tulirejea Mombasa kutoka Keumbu, kwa mama mkwe, na baadhi yenu mmetuuliza kwa nini ziara ya siku nne iligeuka kuwa ya siku kumi. Jibu letu ni moja: paa.

Gari letu ni basi dogo kuukuu ambalo tuliling'oa viti, tukatia kitanda, kabati na jiko la gesi. Si anasa. Abagusii wana heshima iitwayo chinsoni, ambayo huweka mpaka baina ya wakwe, hata mume wa binti hawezi kulala nyumbani kwa mama mkwe wake. Kwa gari hili twalala uani kwake, kando ya migomba, pasipo kuvunja mila, na watoto hupata siku kadhaa za kumjua magokoro, nyanya yao. Lisipokuwapo, ziara huwa ya kuamkiana na kuagana.

Usiku wa kwanza mvua ilitunyeshea kitandani. Kulipokucha, fundi mmoja alitushauri tupake lami juu ya kutu, kisha tufunike turubai. Bei yake ilitupendeza, tukakubali. Mama mkwe, ambaye husema na mkwewe kupitia kwa wajukuu, akamtuma binti yetu: "Waambie wazazi wako waguse dari kwanza." Tukaibonyeza kwa kidole, na kidole kikazama. Lami ingeyafungia maji ndani, na mbavu za chuma zingeendelea kuliwa tusizione, hali watoto wamelala chini yake.

Tukaanza kuchagua upya. Mabati ya kawaida ni nafuu na yapatikana kila mahali, ila mnunuzi na ajue kwamba kadiri namba ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Tena sisi twakaa karibu na bahari, ambako chumvi huila zinki mapema. Bati nene lingedumu zaidi, lakini uzito ukizidi juu, gari huyumba kwenye kona za milimani. Fibaglasi ni nyepesi wala haishiki kutu, lakini gundi yake hutaka ukavu na joto ili igande sawasawa, na mvua za alasiri hazikutupa nafasi hiyo. Plaiwudi iliyovikwa turubai na kupakwa rangi humfaa mtu asiyechoka kuirudia rangi kila inapochakaa. Sisi twajijua.

Tukachagua alumini, kwa kuwa ni nyepesi na huistahimili hewa ya pwani. Nayo ina sharti lake: ikigusana na chuma penye unyevu, huliwa. Basi mbavu zilizooza zikakatwa, mpya zikachomelewa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha ukanda wa mpira ukatandikwa baina ya chuma na alumini. Kwa kuwa karatasi moja haikufika mwisho wa gari, tulikumbuka makuti ya kwetu, ambayo safu ya juu huilalia ya chini. Hapa karatasi ya mbele ikailalia ya nyuma, ili upepo wa mwendo usisukume maji ndani. Chini yake tukaweka sponji ya kuzuia baridi, kwani usiku wa Keumbu pumzi za waliolala hugeuka matone kwenye bati tupu.

Kazi hii ilimaliza fedha tulizoziweka kwa nguo za sikukuu, na watoto walinung'unika. Hatukuwa na la kuwaambia ila kwamba nguo za mwaka jana bado zawatosha. Mwenye gari kama letu twamnasihi aanze kwa kidole kabla ya kuuliza bei.

Usiku wa mwisho mvua ilinyesha kwa kishindo. Mama mkwe akatoka na mwavuli, akasimama mbali kama ilivyo ada, akamtuma mjukuu mlangoni petu.

"Magokoro anauliza, maji yanaingia?"

"Mwambie hayaingii, alhamdulillahi. Naye alale."

Tukamsikia akifunga mlango wake.