Santuri Zisizo na Watu

Mpenzi wa taarabu akitakiwa achague santuri chache tu za umri wake wote, huona ameonewa. Hata hivyo nitachagua.

Mbele naziweka za Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurikodiwa na His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri zile ulichukua kiasi cha dakika tatu. Shairi refu likabanwa humo. Hufuata ya Ikhwani Safaa iliyotolewa na GlobeStyle mwaka 1988, ambamo fidla, udi na kanuni hupata kupumua. Kisha ya Bi Kidude, ya nne katika mfululizo wa Zanzibara. Yeye nyimbo za Siti alizipokea kwa sikio.

Nazipenda, ila zina upungufu mmoja: hazina watu. Taarabu huimbwa mbele ya mtu anayeinuka kwenda kutuza kwa kuwa mshororo mmoja umemgusa. Santuri haimjui aliyeguswa. Siti alifariki mwaka 1950, Bi Kidude 2013. Na waliowatuza wanapungua. Kwa hiyo kila nisikilizapo huandika kando maneno nisiyoyafahamu, nikawaulize wazee. Sauti imehifadhika, maana yake ingali deni letu.