Nilivyodanganya kompyuta katika makao ya wazee

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana kweli. Leo sitaandika habari za Python wala za simu mpya. Kuna jambo nimelikwepa tangu nianze kuandika hapa, nalo ni kazi niliyofanya Marekani kabla ya kurudi Nairobi. Wengi mmeniuliza, nami nimekuwa nikijibu kwa mkato: "mambo ya kompyuta." Haikuwa kweli. Basi leo nisemeni, lakini nisomeni kwanza.

Nilimaliza digrii ya sayansi ya kompyuta mwaka 2019. Mwaka 2021 bahati nasibu ya viza ikanipeleka Minnesota. Nikatuma maombi ya kazi ya kuandika programu zaidi ya mia moja. Nilipata majibu matatu, yote ya kunikataa kwa adabu. Kodi ya nyumba nayo haina adabu. Binamu yangu aliyenipokea akaniambia neno ambalo Wakenya wengi wa kule wamelisikia: "Wewe nenda ukaoshe wazee kwanza."

Nikaenda. Msidhani ni kazi ya kuokota tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa wauguzi, katika makao ya wazee yanayolipwa na bima za serikali, apate mafunzo ya angalau saa 75. Katika hizo, angalau 16 ni za vitendo chini ya usimamizi. Halafu kuna mtihani. Unafundishwa kuosha jicho kuanzia pembe ya ndani kwenda nje, na kila ukipangusa unageuza kitambaa upande safi. Unafundishwa kumvisha shati mtu aliyepooza: mkono dhaifu unatangulia kuingia, na wakati wa kuvua unatoka wa mwisho. Mwenzangu wa darasani hili lilimtatiza. Mimi nilicheka, maana ni kitu tulichosoma chuoni mwaka wa kwanza, mfano wa sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine: iliyotangulia kuwekwa ndiyo ya mwisho kuondolewa.

Lakini somo kubwa lilikuwa kugeuza. Mtu asiyeweza kujisogeza akilala upande mmoja kwa muda mrefu, uzito wake unabana mishipa ya damu kati ya mfupa na godoro. Damu haifiki, na nyama inaanza kufa. Kwanza unaona wekundu ambao ukiubonyeza haupaukii. Kisha ngozi inachanika. Hatua ya nne kidonda kinafika kwenye msuli na mfupa. Ndiyo maana desturi ya kazi ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ukutani, kwenye korido, kulikuwa na skrini ya kugusa. Unaingiza nywila, unachagua jina la mzee, visanduku vinatokea: amekula asilimia ngapi, amekunywa mililita ngapi, amekwenda haja mara ngapi, amegeuzwa. Kisanduku kisichojazwa kwa wakati kinakuwa chekundu. Ukikijaza kinakuwa kijani. Kila asubuhi msimamizi alichapisha orodha ya vyekundu na kumuuliza kila mtu vyake. Katika miezi yote niliyokaa pale, hakuna aliyewahi kuulizwa kuhusu kisanduku cha kijani.

Chumba cha mwisho alilala mzee aliyekuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kiharusi kilimwondolea nguvu za mwili lakini kikamwachia ulimi na akili. Aliposikia natoka Kenya aliniuliza ng'ombe wetu wanatoa lita ngapi. Nikamwambia ng'ombe wa mama kule Nyandarua alitoa lita nane kwa siku. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo kila nikiingia aliniuliza, "Lita nane, habari?" Hilo likawa jina langu.

Januari 2022, wimbi la Omicron lilipokuwa limepamba moto, wafanyakazi walianguka kama maembe. Shifti yetu ilianza saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Kwa kawaida tulikuwa wasaidizi watatu kwa wazee 40. Usiku mmoja tulifika wawili, na kufikia saa 7 mwenzangu akashikwa na homa, akarudishwa nyumbani. Nikabaki mimi na muuguzi mmoja aliyekuwa na dawa za watu wote mikononi. Mama mmoja akaanguka bafuni. Mwingine akatoka kitandani mara tatu kumtafuta mume aliyefariki zamani. Kengele zililia mpaka nikaanza kuzisikia hata zilipokuwa zimenyamaza.

Mzee wangu nilimgeuza saa 6 usiku. Nilipoingia tena chumbani mwake ilikuwa saa 11 alfajiri. Nilikuwa nimeruka mara mbili. Saa 12 na nusu nikasimama mbele ya skrini. Visanduku vyake viwili vilikuwa vyekundu, cha saa 8 na cha saa 10. Programu iliniruhusu kuandika saa yoyote niliyotaka. Nikagusa, nikagusa tena. Vyote kijani. Nikachukua koti nikaenda zangu kulala.

Wiki hiyo nilifanya hivyo siku tatu.

Siku kama kumi baadaye ngozi ilichanika juu ya mfupa wa chini ya kiuno. Muuguzi mkuu akafungua kumbukumbu: mzee amegeuzwa kila saa mbili, hakuna hata pengo moja. Kwa hiyo wakatafuta sababu kwingine. Wakamwongezea protini kwenye chakula. Wakaleta godoro la hewa. Si mambo mabaya, lakini upungufu wa mikono usiku haukuguswa, kwa sababu kwenye kompyuta haukuwepo. Kidonda kikaendelea kukua.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Hofu ilinikalia siku mbili, maana kufukuzwa kazi ni kufukuzwa na nyumba. Siku ya tatu nikamwambia muuguzi mkuu ukweli. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na wengine?" Nikamwambia aniulize vyangu. Nikapewa onyo la maandishi, na nilistahili. Lakini kuanzia juma lililofuata msaidizi wa tatu alitafutwa kila usiku, hata kwa kukodiwa kutoka nje. Kidonda kilifunga mwezi wa Aprili.

Nilimwomba mzee radhi. Akanitazama kama mtu anayeambiwa habari za jana. "Lita nane," akasema, "nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala hapa."

Wasomaji wangu, neno hilo sijalisahau. Mtu mmoja alikuwa na takwimu sahihi jengo zima, na hatukumuuliza. Programu ilikuwa na visanduku chungu nzima kumhusu yeye, na hakuna hata kimoja cha yeye kusema.

Sasa ninaandika programu hapa nyumbani, na baadhi ni za zahanati. Mnakumbuka Septemba 2023 serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa simu za kuandikia kazi zao. Kila nikimwona mmoja wao anatembea juani na simu hiyo najiuliza: skrini yake inamruhusu kusema ukweli? Mimi siku hizi nafuata mambo matatu. Kila kisanduku cha "nimefanya" nakiwekea ndugu yake, "sikuweza", na nafasi ya kueleza kwa nini. Saa ya kufanya na saa ya kuandika nazihifadhi mbalimbali, na hakuna anayeweza kuigusa ya pili. Na ripoti ya kila siku inaonyesha pia yale yaliyo safi kupita kiasi, maana binadamu aliyechoka hafanyi kazi kama saa ya ukutani. Hayamzuii mwongo. Yanampa mkweli mahali pa kusimama.

La mwisho. Mama naye nilikuwa nimemdanganya miaka yote ile, nikimwambia niko kwenye kompyuta za hospitali. Krismasi ya kwanza baada ya kurudi nilimweleza yote, kuosha, nepi, kidonda. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua uso.

"Na cucu yako alilala kitandani miaka mitatu, unafikiri nani alikuwa akimgeuza? Ungeniuliza, ningekufundisha."

Haya, niwaachie hapo. Tukutane wiki ijayo, nitarudi kwenye Python.