Kwa Niaba Ya

Mama wa dirishani aliisoma karatasi yangu mara mbili, kisha akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni baba yangu, mama."

"Barua ya idhini iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na kitambulisho changu cha NIDA, kitambulisho cha baba, ufunguo wa sanduku lake la posta, na karatasi iliyosema kuna kifurushi cha rejesta kutoka Ujerumani. Nilikuwa pia na jina lake mwishoni mwa jina langu, nikamwonesha kwa kidole. Akatabasamu. "Mwanangu, ubini si idhini. Akuandikie barua, asaini, uje nayo na kopi ya kitambulisho chake."

Nilitoka nimenuna. Nilikuwa nimetoka Dar kwa basi, nimeiacha sura ya tatu ya tasnifu ikining'inia, na Jumatatu msimamizi alikuwa ananisubiri. Kwenye daladala nikaanza kuperuzi kwenye simu nikitafuta upenyo. Badala yake nikakutana na kanuni ya Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa mwaka 1874: kitu kilichotumwa hubaki mali ya mtumaji mpaka kimfikie anayestahili kukipokea. Maana yake kile kifurushi bado kilikuwa cha mtu aliyeko Ujerumani. Hakikuwa cha baba, sembuse changu.

Ajabu ni kwamba nimekua nikiona kinyume chake. Kwetu barua haikuwahi kugonga mlango. Baba alikuwa mwalimu, mwenye sanduku, na nusu ya mtaa iliandikiwa kupitia S.L.P. yake. Alirudi jioni na bahasha za watu mfukoni, akazigawa nyumba kwa nyumba kabla hajala. Hakuna aliyemwandikia idhini. Bahasha ikiwa imeachia gundi, aliibana kwa vidole hivyo hivyo mpaka kwa mwenyewe. Nilimuuliza mara moja kwa nini asichungulie. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini asiibe.

Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia haushiki kalamu, na maneno yanatoka machache, kwa shida. Tangu hapo mimi ndiye "k.n.y." yake, kama wanavyoandika maofisini kabla ya sahihi. Simu yake naipokea mimi. Ujumbe wake nausoma, naujibu, mwingine naufuta. Kadi ya benki ninayo, namba ya siri naijua. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza kama ameniruhusu. Hata yeye sikumuuliza.

Usiku ule niliiandika barua ya idhini kwa kompyuta. Sahihi yake naiweza. Niliijua tangu kidato cha pili, kwenye ripoti ya muhula iliyokuwa na hisabati mbaya. Kalamu ilikuwa mkononi. Nadhani ningesaini, ila wino ulikwama, nikaenda chumbani kwake kutafuta kalamu nyingine, nikamkuta macho.

Basi nikamweleza. Kifurushi, Ujerumani, dole gumba hapa chini. Nilikuwa na kidau cha wino wa muhuri. Nikaushika mkono wake wa kushoto, ule mzima.

Akakunja ngumi, gumba likiwa ndani.

"Baba, ni kuweka dole tu."

Akatikisa kichwa. Alihangaika na neno kwa muda mrefu, mpaka nikataka kumsaidia, na ndiyo tabia yangu mbaya siku hizi. Hatimaye likatoka: "Mwenyewe."

Kesho yake tulikodi bajaji. Kumpandisha ilikuwa kazi, kumshusha kazi zaidi, na ngazi za posta sitaki hata kuzizungumzia. Yule mama alipomwona akatoka nyuma ya dirisha na daftari lake. "Shikamoo, mwalimu." Akamsomea jina lake lote, taratibu, akamuuliza kama ndiye. Baba akaitikia. Akamwekea kidau cha wino, baba akabonyeza dole mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, likavuka mstari likaingia kwenye safu ya mtu mwingine.

Kifurushi kilikuwa kidogo, kama kitabu chembamba. Nilijua tu kuwa zamani kulikuwa na mwalimu Mjerumani aliyefundisha naye. Nikanyoosha mkono nimbebee. Akakisukumiza ndani ya shati.

Nyumbani nilimketisha kitandani, nikasimama nikingoja aniombe mkasi. Akaniangalia, akauangalia mlango. Nikatoka, nikaufunga. Nilisikia karatasi ikichanwa kwa meno, polepole, kisha kimya. Nikaenda kuinjika chai.