Kitufe cha Inshallah

Wengi wetu katika chama hiki tunafanya kazi za saa chache katika ofisi za chuo. Viza ya mwanafunzi wa shahada hapa Uingereza inaturuhusu saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea, basi saa hizo tunazimalizia penye mashine ya fotokopi, kwenye rafu za maktaba na mbele ya kompyuta za watu wengine. Kazi yenyewe si ngumu. Kilichotushinda mwanzoni ni kalenda.

Hapa mtu haambiwi kwa mdomo tu kwamba kuna kikao. Mwaliko unamjia kwenye kompyuta, na chini yake vitufe vitatu: Nitakuja, Sitakuja, Huenda. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Pemba, aliletewa mwaliko wa kikao cha Alhamisi chenye chakula cha mchana. Akavitazama vile vitufe, akatafuta cha Inshallah, asikione. Akaona kinachokikaribia ni "Huenda", akakibonyeza. Alhamisi alifika wa kwanza, shati limepigwa pasi. Kumbe chakula kiliagizwa kwa idadi ya waliosema watakuja, na yeye hakuhesabiwa. Msimamizi wake akamwambia kwa upole, "Lakini ulisema huenda." Akajibu, "Nilisema nakuja. Nilimwachia Mungu nafasi yake tu."

Tulicheka sana siku ile, na mpaka leo tunamtania. Lakini jibu lake lilikuwa sahihi. Qurani, katika Sura ya Al-Kahf, inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na kupenda kwake Mungu. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, nao unawaonya wafanyabiashara wanaopanga safari ya mwaka mzima na hali hawajui ya kesho. Ndiyo maana wenzetu Wakristo wa bara nao husema "Mungu akipenda". Maneno haya hayana shaka ndani yake. Msemaji amekwisha kuazimia. Anachokiri ni kwamba uhai si wake. Bibi zetu walipoitikia mwito wa msiba kwa Inshallah, mkono mmoja ulikuwa tayari unatafuta kanga na mguu unatafuta viatu.

Hata hivyo tuseme kweli. Neno hili sisi wenyewe tumelichezea. Nani kati yetu hajaambiwa na fundi cherehani "Inshallah Ijumaa", Ijumaa ikapita, sikukuu ikapita, na kitambaa bado kimekunjwa kwenye mfuko wake? Nani hajamjibu Inshallah mtu ambaye moyoni alijua kabisa kwamba haendi kwake? Tuliona haya kusema hapana, tukamtwisha Mungu hapana yetu. Kalenda haina nafasi ya mchezo huo. Imetufundisha kusema "sitakuja" bila kuhisi kwamba tumemvunjia mtu heshima, na mwenyeji akajua ateleke kiasi gani. Hilo ni jema, na tunalishukuru.

Tungeishia hapo kama si jambo lililotokea msimu wa baridi uliopita. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake huko Morogoro. Nauli ya ghafla hakuwa nayo, akayatazama maziko kwenye simu, peke yake chumbani. Habari zilipofika kwenye kundi letu la WhatsApp, pole zilimiminika usiku kucha. Katibu akatuma mwaliko wa kalenda: Jumamosi, saa kumi jioni, twende tukahani. Majina ya waliobonyeza "Nitakuja" yalifika 19.

Walikwenda wanne.

Theluji ilianguka siku ile. Insha zilikuwa na tarehe ya kukabidhiwa. Kuna waliobadilishiwa zamu kazini. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyerudi kwenye kalenda kubadili jibu. Mfiwa naye alikuwa ameiona ile orodha, kwa kuwa mwaliko ulimfikia na yeye. Akaazima vikombe kwa majirani wa ghorofa nzima, akachemsha chai sufuria tele. Mmoja wa wale wanne ndiye aliyetusimulia habari ya vikombe, jinsi vilivyobaki vimefunikwa mezani mpaka usiku. Hakutusimulia kwa lawama. Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa wale 15.

Hapo ndipo tulipoona kwamba tulikuwa tumelionea neno. Tulidhani Inshallah ndiyo inayotufanya wazembe wa ahadi, na kwamba kitufe kitatunyoosha. Kumbe kitufe kile nacho kiligeuka kuwa Inshallah ya fundi cherehani, na pengine mbaya zaidi, kwa sababu fundi angalau alikutazama usoni alipokudanganya. Kubonyeza hakugharimu kitu. Unabonyeza ukiwa ndani ya basi, ukiwa darasani, ukiwa kitandani, na ukishabonyeza unajiona umekwisha kwenda. Wahenga waliposema ahadi ni deni, walikuwa na mdai anayejulikana kwa uso na kwa jina. Kwenye skrini mdai haonekani, na deni linasahaulika.

Tulikwenda wiki mbili baadaye, wachache, bila mwaliko wa kalenda. Tulipiga hodi. "Jamani, karibuni," akasema, wala hakuuliza tulikuwa wapi. Tulipomwomba radhi alisema yamepita, akainuka kuteleka chai. Safari hii alikuwa na vikombe vyake viwili tu, tukanywa kwa zamu, naye akatusimulia habari za baba yake mpaka giza likaingia.

Mwaliko wa kikao chetu cha mwisho wa muhula utawafikia wanachama na walimu kwa kalenda kama kawaida, na tunaomba kila mtu abonyeze anachokikusudia, ili chakula kitoshe. Ila kwa msiba na kwa ugonjwa tunapendekeza kalenda tuiweke kando. Tupigiane simu. Na atakayejibu Inshallah, ajibu huku anatafuta viatu.