Ndege ya Mjomba na Mlima Uliorefuka



Juma hili naomba niwasimulie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni mchezo mtupu, yaani habari za programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, iliyokataa kufanya kazi ilipohamishiwa katika kompyuta mpya. Niliipokea kazi hiyo nikidhani ni ya jioni moja. Ilinichukua majuma matatu, nami nikaimaliza nikiwa nimejifunza jambo ambalo sikuwa nimelitafuta.

Mwanzoni mwa masika, njia za hapa Kinole zikiwa tope tupu, kijana mmoja alipanda hadi kwangu akiwa amebeba kikapu.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umetuletea ndizi?”

“Leo si ndizi, Baba. Nimeleta ndege ya Mjomba.”

Ndani ya kikapu mlikuwa na diski nne katika kasha lake, fimbo ya kuongozea ndege yenye waya mrefu, na diski kuu iliyotolewa katika kompyuta ya zamani, ikiwa imeviringishwa ndani ya khanga. Vyote vilikuwa vya mjomba wake, mwalimu mstaafu ambaye wengi wenu mlimfahamu, aliyetutoka mwaka uliopita. Kwetu Uluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mpwa huwa karibu sana na mjomba wake. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa vitu hivyo vilipomwangukia kijana huyu.

Mwalimu alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika huko Dar es Salaam mwaka 2006, pamoja na programu iitwayo Flight Simulator 2004. Programu hiyo ilitolewa mwaka 2003, wakati dunia ikiadhimisha miaka 100 tangu ndugu wawili Wright waruke kwa mara ya kwanza huko Marekani, tarehe 17 Desemba 1903. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Hata hivyo, aliwakalisha watoto kwenye jamvi mbele ya kompyuta ile, akaruka nao kutoka Dar es Salaam, akaufuata Mto Ruvu kuelekea juu mpaka milima ya Uluguru ikajitokeza. Hapo huwaambia kwamba maji yanayoteremka katika miteremko hii ndiyo yanayonywewa na watu wa Dar es Salaam. Ndivyo alivyofundisha jiografia.

Kijana alikuwa anajiandaa kwenda chuoni, na ndugu zake walikuwa wamemnunulia kompyuta mpakato mpya. Familia ilipanga kukutana kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa msiba. Ombi lake lilikuwa dogo: siku hiyo aifungue programu ya Mjomba katika kompyuta mpya, ili mama yake, ambaye ni dada wa marehemu, aione safari ambayo kaka yake alikuwa akiwaonyesha watoto.

Tukaanza. Kikwazo cha kwanza kilikuwa wazi: kompyuta mpya haikuwa na mahali pa kuingizia diski. Tukaazima kisomea diski cha kuchomekwa pembeni. Kikwazo cha pili kilikuwa ile fimbo. Kichwa chake kilikuwa na pini 15, cha aina iliyotumika miaka ya 1990, na kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Tukaiweka kando, tukakubali kutumia kibodi.

Diski zote nne zilisomeka, programu ikajipakia mpaka mwisho bila kulalamika. Kisha tukabofya picha yake ili kuifungua. Kiduara kikazunguka mara mbili, tatu, kikatoweka. Hapakuwa na onyo, hapakuwa na maelezo, hapakuwa na kitu.

Hapa nakiri kosa langu. Nilizilaumu diski, nikazifuta kwa kitambaa. Nilihamisha programu kutoka katika kabrasha linalolindwa na Windows, nikaiamuru kompyuta ijifanye ni Windows XP, nikaipa programu mamlaka yote, na hayo yote niliyafanya kwa mkupuo mmoja. Laiti ingefunguka, nisingejua ni kipi kilichoiponya. Haikufunguka, na sikujua ni kipi kilichozidi kuivuruga. Kijana, ambaye ni mpole kuliko mimi, akaniambia, “Baba, tubadili kimoja kimoja, kila tunachofanya tukiandike.” Tukarudi mwanzo na daftari.

Kwa njia hiyo ya polepole tulifika kwenye chanzo. Diski za miaka ile zilikuwa na kufuli liitwalo SafeDisc, lililokusudiwa kuzuia nakala za wizi. Programu ilipofunguliwa, kufuli lilimwita mlinzi mdogo aliyewekwa ndani kabisa ya Windows, naye ndiye aliyethibitisha kwamba diski ni halali. Mwaka 2007 ikagunduliwa kwamba mlinzi huyo ana udhaifu, na kwamba wahalifu wangeweza kumpitia na kuitawala kompyuta nzima. Udhaifu huo ulizibwa, lakini Windows 10 ilipotolewa mwaka 2015 mlinzi huyo aliondolewa kabisa. Diski zetu zilikuwa nzima na kompyuta ilikuwa nzima. Diski zilikuwa zinabisha hodi na kumwita mlinzi ambaye hayupo tena langoni, tena aliondolewa kwa sababu njema.

Jumamosi iliyofuata kijana alirudi kutoka Morogoro mjini akiwa na flashi mkononi. Rafiki yake alimpatia faili dogo la kuvunja kufuli. “Ukiliweka hili mahali pa lile la zamani, Baba, programu inafunguka bila kumwuliza mtu.” Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulipuuza: “Diski hizi Mjomba alizinunua kwa fedha yake. Je, tukifanya hivyo tunamwibia nani?”

Nilimjibu kwamba swali lake ni la haki, na kwamba sina jibu jepesi. Kuvunja kufuli la kitu ulichonunua mwenyewe si sawa na kuvunja nyumba ya jirani. Hata hivyo, nilimwuliza nami: faili hili limeandikwa na nani? Hakujua. Rafiki yake naye hakujua. Kinga ya virusi katika kompyuta yake ilikuwa imekwisha kulipigia kelele. Kompyuta ile ndiyo ingebeba kazi zake zote za chuo, na fedha yake ilitoka kwa wajomba, shangazi na mama, kila mmoja kwa alichojaliwa. Tungefungua mlango kwa mkono wa mtu tusiyemjua, ili tu kuingia upesi. Alikaa kimya kwa muda, kisha akalifuta. Najua lilimwuma, kwa maana siku ya kumbukumbu ilikuwa imekaribia.

Ndipo nikamwuliza jambo ambalo ningepaswa kumwuliza siku ya kwanza: “Hasa unachotaka mama yako akione ni kitu gani? Ni programu hii, au ni safari ile?”

“Ni safari, Baba. Mjomba aliihifadhi. Aliipa jina la Kinole.”

Basi kazi ikabadilika. Fundi mmoja mjini ana waya wa kuunganisha diski kuu za zamani na kompyuta mpya. Tuliomba jambo moja tu, kwamba asifute chochote. Diski ilivuma kama kinu kilichochoka, lakini ilisomeka. Ndani ya kabrasha la nyaraka za Mwalimu tulikuta mafaili mawili yenye jina la kijiji chetu: moja la safari na moja la hali ya hewa.

Kumbe faili la safari katika programu ile ni maandishi ya kawaida. Ukilifungua kwa programu ndogo ya kuandikia, unalisoma kama barua. Na kweli ilikuwa kama barua. Latitudo: Kusini digrii 6 na ushee. Longitudo: Mashariki digrii 37 na ushee. Ndege: Cessna 172, aina ile ndogo yenye injini moja ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani. Mahali: magharibi kidogo ya kijiji, upande wa mlima mkubwa. Urefu: futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu mita 1,370. Pua: mashariki. Saa: kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwalimu aliiweka ndege yake mahali ambapo jua linapochomoza linakupiga usoni, na Kinole yote iko chini yako.

Iko programu nyingine ya kuigiza urushaji wa ndege iitwayo FlightGear. Imetengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, hutolewa bure, na sheria yake inaruhusu kila mtu kuitumia na kuigawa. Tuliipakua mjini pamoja na ramani za sehemu zetu, kwa sababu mtandao wa huku juu ungetuchosha. Cessna 172 imo ndani yake. Tukaandika latitudo ya Mwalimu, longitudo yake, urefu wake, na uelekeo wake, kila tarakimu kama ilivyokuwa. Tukabonyeza.

Ndege ikaanguka papo hapo.

Tukarudia. Ikaanguka tena. Kijana akashika kichwa. Mimi nilidhani tumekosea tarakimu, lakini daftari lilionyesha kwamba hatukukosea. Basi tukatenda kama tulivyozoea: tukabadili kimoja tu. Tukaacha yote kama yalivyo, tukaipandisha ndege mpaka futi 6,500. Safari hii ikatulia hewani, jua likachomoza mbele yetu. Tulipotazama chini tukauona mlima uliokuwa umeimeza.

Sababu yake ni hii. Miaka ile, takwimu za urefu wa ardhi zilizohusu dunia nzima, kama zile zilizokamilishwa huko Marekani mwaka 1996, zilikuwa na kipimo kimoja kwa karibu kila kilomita moja. Kigongo chembamba kilichokaa kati ya vipimo viwili hakikuonekana, na milima yenye miteremko mikali kama yetu ilichorwa kama vilima vya duara. Kisha Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na mlingoti wa mita 60, kikapima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu. Vipimo vyenye undani zaidi, kimoja kwa kila mita 30 hivi, vilianza kutolewa kwa wote mwaka 2014, na Afrika ndiyo iliyotangulia. Ramani za FlightGear zimefaidika na kazi hiyo ya rada. Ndani yake Uluguru imerudishiwa kimo chake: Lupanga juu ya mji wa Morogoro, mita 2,138, na Kimhandu upande wa kusini, zaidi ya mita 2,600.

Mwalimu hakukosea. Aliipandisha ndege yake juu ya mlima kwa kadiri mlima ulivyojulikana katika kompyuta yake. Sisi tuliomheshimu kwa kunakili kila tarakimu ndio tuliomwangusha. Ili tuwe waaminifu kwa alichokusudia, yaani watoto waione Kinole asubuhi kutoka juu, ilitubidi tubadili tarakimu moja kati ya zote alizotuachia.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Tumepokea mengi kutoka kwa waliotutangulia, na mara nyingi tunakabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kukitupa cha kale kwa sababu hakifunguki katika mashine mpya. Cha pili ni kukishika kila herufi hata pale tunapoona wazi kwamba tukienda hivyo tutagonga mlima. Kijana huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza mjomba wake alitaka kuonyesha nini, akakilinda hicho. Tena hakuifuta tarakimu ya zamani. Ameiandika daftarini, futi 4,500, na mbele yake ile mpya pamoja na sababu ya kuibadili.

Siku ya kumbukumbu watu walijaa sebuleni, watoto mbele, wazee nyuma. Dada wa Mwalimu aliketi kwenye kiti karibu kabisa na kompyuta. Ndege ikaelea, jua likachomoza upande wa bahari, mabonde ya Kinole yakafunguka moja baada ya jingine. Akauliza ikiwa hapo ndipo hasa kaka yake alipoiacha ndege. Mwanawe akamweleza yote bila kumficha kitu: kufuli, faili alilolifuta, kuanguka mara mbili, na futi zilizoongezwa.

Yule mama alitazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Kisha akasema taratibu, “Angefurahi kujua kwamba mlima ni mrefu kuliko alivyodhani. Angetuita wote tuje tuone.”

Wapendwa, wengi wenu mna kompyuta za zamani zilizofunikwa kitambaa pembeni ya nyumba. Ndani yake zimo picha, barua, kumbukumbu za vikao na sauti za watu wasiokuwapo tena. Diski hizo huchoka, na siku zikichoka hazitoi taarifa. Zipelekeni kwa fundi mnayemwamini mngali na nafasi, mkatoe yaliyomo. Na mkiona halifunguki, msikate tamaa upesi wala msilazimishe. Badilini kimoja kimoja, na mwandike.

Nawatakia juma jema.